Nani anamwashia mzee moto?

Mtu akitaja baridi katika nchi yetu, mawazo ya wengi hukimbilia Makete na Njombe, ambako asubuhi nyingine majani huamka yamefunikwa na barafu nyembamba. Nakapanya haimo katika orodha hiyo. Nakapanya ni mji mdogo wa wilaya ya Tunduru, mkoani Ruvuma, kilometa 66 hivi mashariki ya Tunduru mjini, kwenye barabara kuu iendayo Masasi hadi Mtwara. Songea, makao makuu ya mkoa, iko mbali sana upande wa magharibi, zaidi ya kilometa 250 kutoka Tunduru. Ni nchi ya korosho, na joto lake la Oktoba humfanya hata mbuzi atafute kivuli kabla ya saa nne asubuhi.

Lakini kuanzia Juni hadi Agosti, wakati wa kipupwe, usiku wa huko hubadilika. Mbingu huwa nyeupe bila wingu, joto lote la mchana hupaa, na ifikapo alfajiri umande umelowesha majani na paa. Kijana hujivutia shuka akageukia upande wa pili. Mzee wa miaka themanini hukesha.

Waganga wanatueleza sababu. Misuli ya mzee imepungua, ngozi imekuwa nyembamba, na kule kutetemeka ambako humpasha mtu joto huchelewa kuanza. Mishipa midogo hujibana kwa baridi, msukumo wa damu hupanda, moyo nao hulazimika kufanya kazi zaidi. Kikohozi ambacho kwa mjukuu kingekwisha kwa siku nne, kwa babu huteremka kifuani kikawa homa ya mapafu. Na lililo baya zaidi ni kwamba mara nyingi mzee mwenyewe hatambui mapema kwamba mwili umepoa. Anahitaji mtu mwingine wa kutambua kwa niaba yake.

Mtu huyo ndiye ninayetaka tumzungumze leo. Kuna mtu anayeleta kuni kabla jua halijatua. Anawasha moto, kisha anasogeza vijinga mbali na mkeka ili blanketi lisishike moto usiku. Huamka mara mbili kumwongoza mzee kwenda choo. Asubuhi huchemsha maji ya kunawa, akatia uji kwenye bakuli, akamtoa mzee barazani aote jua. Nchi za wenzetu kazi hii ina jina, ina mshahara, ina makampuni na wakaguzi. Sisi tukiulizwa ni nani anayeifanya, tunajibu kwa neno moja: ukoo. Tunalisema kama vile tunasema mvua au mlima, jambo lililokuwapo tangu dunia kuumbwa na litakalokuwapo bila mtu kulishughulikia.

Nataka kubishana na jibu hilo. Ukoo una historia. Umevunjwa na kuungwa upya mara kadhaa katika miaka mia moja na ishirini iliyopita, na kila ulipoungwa, mzee alijikuta mahali tofauti na pale alipokuwa.

Tuanze na Wayao, ambao ni sehemu kubwa ya watu wa Tunduru. Wayao huhesabu ukoo kwa mama. Desturi ya zamani ilikuwa kwamba mwanamume akioa huhamia kwao mke. Mabinti walibaki karibu na mama yao, dada na dada, nyumba kwa nyumba, na kundi hilo la akina dada na watoto wao ndilo liliitwa mbumba. Juu yao alikuwapo kaka yao mkubwa, mjomba wa watoto, aliyewajibika kwa amani na ustawi wao. Hebu fikiri maana yake kwa mwanamke anayezeeka. Hakuhamia ugenini alipoolewa, na binti zake hawakuhamia ugenini walipoolewa. Alipofika umri wa kushindwa kubeba mtungi, mikono ya kumsaidia ilikuwa hatua ishirini kutoka mlangoni pake. Mjukuu wa kike au wa kiume alitumwa kulala kwa bibi, na usiku ulikuwa na biashara yake: mtoto alitoa joto na miguu ya kwenda, bibi alitoa hadithi.

Kwa mwanamume mambo hayakuwa mepesi hivyo. Alizeekea kijijini kwa mkewe, miongoni mwa watu ambao kwa hesabu ya damu si wake. Mke akifa kabla yake, ilimbidi kutazama upya wapi ataweka mkeka, na wengi waliona mahali pa haki ni kwa dada zao. Ndiyo kusema hata desturi tunayoisifu ilikuwa na wenye kufunikwa vizuri na wenye kufunikwa nusu.

Tena walikuwako ambao hawakufunikwa kabisa. Nchi hii ilikuwa kwenye njia ya misafara iliyotoka upande wa Ziwa Nyasa kwenda Kilwa, na Wayao walikuwa wafanyabiashara wakubwa wa njia hiyo katika karne ya 19, wakipeleka pembe na watu. Mtumwa alikuwa mtu aliyeng'olewa kwenye ukoo wake. Akizeeka katika nyumba ya mtu mwingine, hali yake ilitegemea huruma ya bwana. Mwaka 1876 wamisheni wa Kianglikana walipofungua makazi Masasi kwa ajili ya watumwa walioachwa huru, waliwakusanya watu ambao karibu wote walikuwa na jambo moja linalofanana, nalo ni kukosa mjomba. Nasema hivi kwa sababu husikia watu wakieleza kwamba zamani hakuna mzee aliyekosa wa kumtunza. La hasha. Aliyekuwa ndani ya ukoo alitunzwa. Aliye nje alijua mwenyewe.

Kisha zikaja vita. Majimaji ilianza 1905, na nyanda za Songea zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumizwa kuliko zote. Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Kingoni Songea mjini tarehe 27 Februari 1906, lakini walioua watu wengi zaidi ya kamba na bunduki walikuwa askari waliotumwa kuchoma maghala na mashamba. Njaa ilifuata, na wanahistoria wengi wanakadiria kwamba waliokufa katika eneo lote la vita na njaa hiyo walifikia laki mbili na nusu hadi laki tatu. Miaka kumi haijapita vizuri, ikaja vita nyingine isiyotuhusu. Novemba 1917 jeshi la von Lettow-Vorbeck lilivuka mto Ruvuma kuingia Msumbiji na kuwapiga Wareno pale Ngomano, kusini mwa nchi hii tunayoizungumza, na Septemba 1918 likavuka tena kurudi upande wetu. Majeshi yote mawili yalikula chakula cha wenyeji na kuchukua wapagazi. Mwisho wa 1918 homa ya mafua ya dunia nzima nayo ikapita.

Vita humwua kijana mbele ya macho ya watu, na jina lake huimbwa. Mzee hufa nyuma, kwa kukosa yule kijana. Ghala likishachomwa na wapagazi wakishachukuliwa, nyumba hubaki na bibi na watoto wadogo, na moto wa usiku hutegemea mtoto wa miaka saba mwenye njaa. Hakuna mnara wa kumbukumbu wa jambo hilo.

Waingereza walipotulia madarakani, walihitaji watu wa mkonge. Mwaka 1944 mashamba yalianzisha ofisi yao ya kuajiri iliyojulikana kama SILABU, na malori yakawa yanapita mikoa ya mbali kukusanya wanaume wa mkataba, manamba. Songea ilikuwa moja ya visima vikubwa vya manamba. Mtaalamu wa serikali ya kikoloni, Philip Gulliver, alichunguza Wangoni na Wandendeule na kuandika taarifa yake mwaka 1955, na habari kuu ndani yake ilikuwa jinsi safari za kazi zilivyokuwa sehemu ya kawaida ya maisha ya mwanamume wa huko. Alikwenda, akarudi na nguo na fedha ya kodi, akaenda tena.

Hapa nina mawazo yangu, msikilizaji. Kwa Wangoni, ambao huhesabu ukoo kwa baba, mzee hutegemea wana wa kiume na wake zao. Lori la manamba lilipomchukua mwana, lilichukua nguzo. Kwa Wayao, lori lilipomchukua mkwe, binti alibaki na mama yake. Naamini ndiyo sababu moja ya mabibi wengi wa upande wa Tunduru kuvuka miaka ile ya mkonge wakiwa na moto ndani ya nyumba. Hatuwezi kuisifu sera ya mtu yeyote kwa hilo. Ilikuwa bahati ya desturi.

Blanketi lenyewe lina hadithi yake. Mwenye kurudi kutoka mkongeni hakusahau kuleta blanketi, na kwa mzee blanketi hilo lilikuwa kama hati kwamba mwana yuko hai na anamkumbuka. Leo hati hiyo imekuwa ujumbe wa simu. Tangu huduma za kutuma fedha kwa simu zilipoingia nchini mwaka 2008, mtoto aliye Dar es Salaam anaweza kumtumia mama elfu ishirini huku amesimama kituoni akisubiri daladala. Ni neema kubwa, wala siikebehi. Ila kuni hazitumwi kwa simu.

Sasa tufike kwenye korosho, maana ukizungumza uzee wa watu wa kusini bila kutaja mkorosho umeacha nusu ya habari. Mkorosho ni mti unaopandwa na kijana na kumlisha mzee. Huchukua miaka michache kuanza kuzaa, kisha huzaa kwa miongo. Mtu aliyepanda ekari mbili au tatu akiwa na miaka thelathini, akifika sabini hana nguvu ya kulima mahindi lakini bado ana korosho zinazodondoka zenyewe chini ya mti, na wajukuu wa kuziokota. Kabla neno pensheni halijafika huku, mkorosho ulikuwa unafanya kazi yake. Na aliyekuwa na mikorosho hakukosa mtu wa kumwashia moto, kwa sababu mrithi hupenda kukaa karibu na urithi. Tusione haya kulisema. Mapenzi ya ukoo siku zote yametembea mguu mmoja na mali.

Mwezi Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji ni lazima ifikapo mwisho wa 1976. Huku kusini watu wengi walikuwa wameshakusanywa kabla ya hapo, kwa sababu ya vita vya ukombozi ng'ambo ya Ruvuma. Vijiji vilileta shule, zahanati na visima, na mtu aliyezaliwa 1980 akisoma na kuandika leo ana la kushukuru. Lakini mikorosho haikuhama. Watu walipelekwa barabarani, miti ikabaki porini, kilometa kadhaa nyuma yao. Mwenye miguu alikwenda na kurudi. Mzee hakuweza. Nchi iliyokuwa imeuza tani zipatazo 145,000 za korosho msimu wa 1973/74 ilijikuta katikati ya miaka ya themanini ikiuza chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi, zikiwamo bei na ugonjwa, ila kutengana kwa watu na miti yao kulikuwa miongoni mwa kubwa. Tulizoea kuhesabu hasara hiyo kwa tani na fedha za kigeni. Sikumbuki kumsikia mtu akiihesabu kwa wazee waliopoteza pensheni yao kwa kuhamishwa.

Tena kijiji kipya kilipangwa kwa mistari, kiwanja baada ya kiwanja. Mbumba ambayo nyumba zake zilizungukana ikagawanywa, dada mmoja mstari wa juu, mwingine wa chini. Hatua ishirini zikawa mia tatu. Kwa mtu mwenye afya hiyo si safari. Kwa mtoto anayetumwa usiku kupeleka kijinga cha moto kwa bibi, ni safari.

Ndipo shule ikamdai yule mtoto. Mwaka 1977 elimu ya msingi ilifanywa ya wote, na baada ya 2004 zikaja shule za sekondari za kata. Nani atathubutu kulalamika? Mimi sithubutu. Najaribu tu kuweka hesabu sawa: kila hatua njema iliyompeleka mtoto mbele ilimwondoa kwenye mkeka wa bibi, na hakuna aliyeuliza nani atalala pale badala yake.

Serikali ilikuwa wapi? Tuwe wakweli, haikulala, ila ilitazama upande mwingine. Sheria ya mwaka 1964 ilianzisha mfuko wa akiba ya wafanyakazi, ambao mwaka 1997 uligeuka kuwa NSSF. Ni mfuko wa mtu mwenye mwajiri. Azimio la Arusha la 1967 liliwataja wazee miongoni mwa wachache wenye haki ya kuishi kwa jasho la wengine, na Mwalimu alishaeleza mapema, mwaka 1962, kwamba mzee wa jadi aliyeonekana kukaa bure alikuwa amekwishafanya kazi yake ujanani. Maneno yalikuwa mazuri. Utekelezaji wake uliachiwa ukoo uleule. Kwa asiye na ukoo yakawapo makazi ya serikali: Nunge pale Kigamboni, Fungafunga Morogoro, Kolandoto Shinyanga, Kilima kule Bukoba na mengineyo, ambayo baadhi yake yalianza kama makazi ya wagonjwa wa ukoma. Wanaoishi humo ni wachache mno ukilinganisha na wazee wa nchi nzima. Sensa ya 2012 ilihesabu watu wenye miaka 60 na zaidi kuwa takriban milioni 2.5, ile ya 2022 ilikuta wanakaribia milioni 3.5.

Mwaka 2003 tukapata Sera ya Taifa ya Wazee. Ndani yake mnasemwa mengi ya haki, likiwamo la matibabu bila malipo kwa wazee wasiojiweza, na leo hospitali nyingi zina dirisha lenye maandishi ya kuwapa wazee kipaumbele. Dirisha ni jambo jema kwa mzee aliyefika dirishani. Sera yenyewe inatamka kwamba familia na jamii ndizo tegemeo la kwanza la utunzaji. Hapo ndipo ninapowauliza wakubwa: tegemeo hilo mmelikagua lini? Daraja likipitiwa na vita mbili, malori ya manamba, operesheni ya vijiji na ukimwi, fundi hulipiga nyundo kusikiliza kama bado lina nguvu kabla ya kupitisha mzigo mwingine.

Nimetaja ukimwi. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata jambo lilipinduka juu chini: badala ya mwana kumzika mzazi, mzazi alimzika mwana na kubaki na wajukuu. Ajuza ambaye ingempasa kuwashiwa moto akawa ndiye mwashaji. Huko Nshamba, wilaya ya Muleba, mwaka 2003 lilianza shirika liitwalo Kwa Wazee, ambalo lilifanya jambo ambalo wengi walisema halifai: liliwapa wazee fedha taslimu kila mwezi, kidogo, bila mahubiri. Tathmini iliyotolewa mwaka 2008 ilipewa jina ambalo kwa Kiswahili ni "Chumvi, sabuni na viatu vya shule", na jina hilo linaeleza zilikokwenda fedha. Hazikwenda kwenye pombe. Zilimrudishia bibi uwezo wa kumtuma mtu na kumpa ahsante.

Zanzibar ilikwenda mbali zaidi. Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ilianza kumlipa kila mzee aliyefika miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, awe aliwahi kuajiriwa au alikuwa mvuvi tu, na baadaye kiwango kikaongezwa. Kenya ilifuata mwaka 2018 kwa umri huohuo, shilingi 2,000 za kwao. Bara tuna TASAF, inayolipa kaya maskini, na ndani ya kaya hizo wamo wazee. Ila mzee wa Nakapanya hupata kama kaya yake imeingia kwenye orodha ya umaskini. Umri wake peke yake haumpi kitu.

Tutazame na wenzetu kidogo, maana wao baridi wanaijua. Uingereza nao waliwahi kusema kwamba mzee ni wa familia yake. Mwaka 1918 sheria iliruhusu halmashauri kumpelekea msaidizi wa nyumbani mama aliyejifungua. Desemba 1944, vita ikiwa imewachukua wanaume jeshini na wanawake viwandani, msaada huo ukapanuliwa kwa wagonjwa na wazee, kwa sababu ilionekana wazi kwamba binti aliyekuwa akimwangalia mama yuko kiwandani anatengeneza risasi. Ndipo ikatungwa sheria ya afya ya 1946, iliyoanza kazi Julai 1948. Angalia mfuatano wake: hawakungoja kuwalaani mabinti kwa kuacha mila. Waliona mtu ameondoka, wakamwajiri mwingine. Mwaka 1997 wakaanza pia kulipa wazee fedha za kupashia nyumba joto wakati wa baridi. Serikali ilipozipunguza mwaka 2024, kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka uliofuata ilizirudisha kwa walio wengi.

Sisemi kwao ni peponi. Mabadiliko ya 1993 yaliiweka kazi hiyo zaidi mikononi mwa makampuni binafsi, na zipo ziara zinazopimwa kwa dakika kumi na tano, ambamo mtoa huduma humwosha mzee, humlisha na kukimbilia nyumba nyingine. Miongoni mwa wanaokimbia hivyo gizani, kwenye theluji, wamo vijana wa Afrika Mashariki. Mwezi Februari 2022 Uingereza ilifungua mlango wa viza kwa watunzaji, kwa kuwa watu wake hawakutosha. Julai 2025 ikaufunga kwa waajiriwa wapya kutoka ng'ambo. Kwa hiyo yuko binti wa Kitanzania anayejua kupima joto la mwili wa bibi kizee wa Kiingereza, kuandika daftari la alichokula, na kutoa taarifa chumba kikiwa baridi mno. Bibi yake mwenyewe hana daftari. Binti huyo analipwa kodi ya nyumba na ada za wadogo zake kwa ujuzi ambao hapa kwetu tunaambiwa si ujuzi, ni upendo.

Turudi Nakapanya, tumalizie na kalenda. Kipupwe kinapoingia, mikorosho huanza kutoa maua, na umande uleule unaomtesa mzee ndio unaostawisha ubwiri unga, ugonjwa ulioleta maafa tangu mwishoni mwa miaka ya sabini. Dawa yake ya siku nyingi ni salfa, nayo hupulizwa alfajiri, upepo ukiwa umetulia na majani yakiwa na unyevu. Kwa hiyo saa ambayo mwili wa mzee umepoa kuliko saa nyingine zote za mwaka, watu wote wenye nguvu wako shambani na mashine mgongoni. Fedha nazo hazijaja. Minada hufunguliwa Oktoba. Katika pengo hilo ndipo hustawi kangomba, mnunuzi wa kimyakimya anayelipa sasa kwa bei ya kutupa kwa korosho ambazo bado ni maua. Kuna korosho zinazouzwa hivyo kwa ajili ya dawa ya kikohozi cha mzee. Na sisi wenye vyombo vya habari tunaitwa kwenye Siku ya Wazee Duniani tarehe 1 Oktoba, joto limesharudi, kusikiliza hotuba na kupiga picha za mablanketi.

Tarehe 31 Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, unaokusudia kuwa na watu zaidi ya 137,000 nchini kwa miaka mitano, waliofunzwa na wanaolipwa posho. Kazi yao ya kwanza ni mama na mtoto, na magonjwa ya kuambukiza. Hao ni watu wanaoingia nyumba kwa nyumba, kwa miguu, vijijini. Sioni sababu gani mhudumu wa Nakapanya asipangiwe, kwa miezi mitatu tu ya Juni, Julai na Agosti, kupita asubuhi kwa wazee wanaolala peke yao: kushika mkono kuona kama una joto, kusikiliza kifua, kutazama kama kuni zipo, na kama hazipo kwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji.

Orodha ya kuanzia haipo, na hilo ndilo linaloniudhi. Chama cha msingi kina daftari la kila mkulima na kila kilo aliyoleta ghalani, tangu stakabadhi ghalani ilipoanza msimu wa 2007/08. Idadi ya mikorosho inajulikana. Mifuko ya salfa inajulikana imekwenda kwa nani. Mtendaji wa kijiji akitaka kujua ni wazee wangapi wanaolala bila mtu wa kuwawashia moto, atahitaji daftari la kurasa mia moja, kalamu, na siku tatu za kutembea, na siku hizo zinafaa ziwe kabla ya Juni.